Kagueni Gesi Siku ya Mapishi

Nasikia siku hizi mnanunua nyumba na kuzipangisha. Hongereni sana, wanangu. Wengine wenu niliwabeba mkiwa wachanga, leo mna wapangaji na mafungu ya funguo mfukoni. Juzi mmoja wenu alinionyesha kwenye simu picha za nyumba yake ya Takoma Park, hapa kando ya Washington: sakafu mpya, makabati meupe, taa zinazoning'inia jikoni. Nikamuuliza tangi la maji moto liko wapi na moshi wake unapitia wapi. Akacheka, akasema, shangazi, hayo si mambo ya fundi? Nikamrudishia simu yake kwa adabu, lakini nilirudi nyumbani nimeudhika, na ndiyo maana nimekaa kuandika haya.

Hayo si mambo ya fundi. Fundi anakuja, anakunywa chai yenu, anaondoka. Kila kaunti huku ina kanuni zake, Washington yenyewe ina zake, na zinabadilika, kwa hiyo someni za mahali mlipo. Ila kwa miaka yote niliyoshika spana sikuwahi kuona mahali ambapo mpangaji ndiye aliyetakiwa kujua kama bomba la moshi limeziba. Ukipangisha nyumba yenye mtambo wa gesi, usalama wa mtambo huo uko juu yako, hata kama wewe mwenyewe unalala mji mwingine, Columbia.

Kwa wasionijua, mimi ni Zuhura, mtoto wa Tanga, fundi mstaafu wa gesi na mitambo ya joto. Kabla ya hapo nilikuwa nasafisha vyumba vya hoteli, na wakati wa mapumziko nilijificha kwenye chumba cha mitambo kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Nikaanza kuuliza maswali. Mwishowe mafundi walichoka kunijibu, wakaniambia nikasome. Nikasoma, na miaka ya elfu mbili ilipoanza nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja ndogo ya Beltsville, mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliokula soseji kila mchana. Nikibisha hodi kwa mteja, anachungulia nyuma yangu na kuuliza fundi yuko wapi. Namwambia yuko njiani. Kisha nashuka chini, nafanya kazi, napanda, na kumwambia fundi amemaliza.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Otis, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Washington, mzee mwenye tumbo kubwa na vidole vyepesi kuliko vya mshona vitenge. Yeye akiingia kwenye nyumba hakufungua sanduku la vifaa. Aliomba kahawa. Alikaa jikoni akawauliza watu jana walikula nini, mtoto analala chumba gani, nguo wanafua siku gani. Mwanzoni nilidhani ni uvivu, nikawa nashuka chini mwenyewe kuanza kazi ili tuwahi nyumba nyingine. Aliniacha hivyo muda mrefu. Siku moja ndipo akaniambia kwamba mtambo wa joto unaishi pamoja na watu, na mimi nilikuwa naukagua kana kwamba unaishi peke yake.

Mengine aliyonifunza niwape harakaharaka. Mkono wa valvu ukilala sambamba na bomba, gesi inapita. Ukikatiza bomba, imefungwa. Wafundisheni wapangaji wenu hilo siku ya kuwapa ufunguo, na waambieni pia kwamba wakisikia harufu ya gesi watoke kwanza, simu wapige wakiwa nje. Mwali mzuri ni wa bluu na umetulia. Ukiona wa manjano unaochezacheza, uliza kulikoni. Uvujaji unatafutwa kwa maji ya sabuni, unapaka kwenye maungio na kutazama mapovu. Nasema maji ya sabuni kwa sababu kulikuwa na mwenye nyumba mmoja Columbia, mtu wa heshima kabisa, aliyetafuta uvujaji kwa kiberiti. Aliupata. Alitufungulia mlango hana nyusi, na Otis alilazimika kurudi garini kujifanya anatafuta kifaa hadi kicheko kimwishe.

Harufu ile ya gesi imewekwa makusudi ili pua zikuonye. Lakini iko gesi nyingine, ile ya sumu inayotoka kwenye moto uliokosa hewa au moshi uliokosa njia, na hiyo haina harufu wala rangi. Hiyo pua haikusaidii chochote. Habari ninayotaka kuwapa inahusu hiyo.

Ilianzia kituo cha treni cha Takoma, katikati ya kipupwe, mimi natoka kazini. Mwanadada mmoja aliyevaa sare ya wahudumu wa wazee aliiangalia jaketi yangu yenye picha ya mwali wa moto, akanisikia nikiongea kwenye simu, akanisogelea.

"Auntie, wewe ni wa kutengeneza heater? Heater inaweza kufanya watu waumwe na kichwa?"

Jina lake Wanjiku, Mkenya wa Nyeri. Alikuwa akiishi na mwanawe Kamau, wa miaka sita, kwenye vyumba vya chini vya nyumba ya zamani karibu na hapo. Juu waliishi wapangaji wengine, Watanzania na Wakenya wenzake. Kila Jumapili, alisema, nyumba nzima inaamka na vichwa vizito. Kanisani walidhani ni uchovu wa wiki. Yeye akienda kazini Jumatatu kichwa kinapona. Aliyemtia hofu ni Kamau. Jumapili mtoto haamki mpaka aburutwe, akiamka anatapika, halafu anakaa ukutani na macho yaliyofifia, hataki chakula, hataki kucheza. Daktari alimwona siku ya katikati ya wiki, akamkuta mzima.

Nilimwambia aniombee ruhusa kwa mwenye nyumba, maana huwezi kugusa mtambo wa mtu kwa kuwa tu umealikwa na mpangaji.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Mwaipopo, na hapa lazima nimweleze, maana kizazi chenu hakikumkuta. Alikuwa Mnyakyusa, dereva mstaafu wa basi la shule, na hapakuwa na mtu wa Afrika Mashariki aliyetua huku bila kusikia jina lake. Ukifika uwanja wa ndege huna mtu, Mzee Mwaipopo anakuja kukuchukua na koti la ziada mkononi. Anakupa chumba kabla hujapata kazi. Jumamosi inayofuata anakuandalia karamu ya kukupokea, nyumba nzima inapika, na yeyote aliyetoka nyumbani anakuja. Nusu ya watu niliowajua walianza maisha chini ya paa lake. Kwa hiyo ondoeni mawazo ya mwenye nyumba mbaya. Nilipotaka kukagua alikubali kwa furaha, akaja mwenyewe na kofia yake ya manyoya, akanifungulia.

Ilikuwa Jumanne mchana. Nyumba kimya. Nilishuka kule chini, chumba kidogo cha mitambo kimepakana ukuta kwa ukuta na kitanda cha Kamau. Mwali wa bluu. Mashine yangu ya kupimia gesi ya sumu inasoma sifuri. Nikawasha kijiti cha udi, kwa sababu mimi siku zote nilitumia udi kuona hewa inaelekea wapi, nikakisogeza kwenye kofia ya bati iliyo juu ya tangi la maji moto, pale moshi unapoingilia bomba la kwenda dohani. Moshi wa udi ukavutwa juu vizuri kabisa. Niliona tundu la hewa la chumba kile limezibwa kwa blanketi na utepe wa gundi. Mzee alisema aliliziba yeye, kwa sababu upepo wa baridi ulikuwa unampiga mtoto. Nikamwambia lifunguliwe. Akasema sawa, ila mitambo si inafanya kazi? Fundi wake aliyeikagua kiangazi alishaipitisha, na mimi sasa nimeipitisha.

"Bi Zuhura," alisema, ameridhika, "mitambo yangu ina afya kuliko mimi."

Tukapanda na Wanjiku kunywa chai kwenye jiko la juu, wanalotumia wapangaji wote. Wanjiku alivuta droo kutafuta vijiko, na ndani ya droo, kati ya mwiko na kijaluba cha bizari, nikaona kengele ya gesi ya sumu. Ile ya ukutani. Nikauliza inafanya nini humo. Wanjiku aliona haya. Alisema ilikuwa inalia, inalia, mpaka wakaitoa betri.

Nikauliza ililia siku gani. Akatazamana na Mzee. Siku za mapishi, Wanjiku akasema. Jumamosi, wanapokaanga vitunguu vya pilau na dagaa.

Mzee Mwaipopo akacheka kwamba ndiyo, hata yeye aliambiwa, vitunguu vya Waafrika vinaitisha mashine ya Wazungu. Mimi sikucheka. Kengele ile haijali vitunguu. Nikageuka kutazama jiko, na juu yake palikuwa na feni ya kuvuta moshi ya aina inayofungwa kwenye mikahawa, kubwa kama mdomo wa pipa. Mzee alieleza kwa fahari. Wapangaji wake wengi walikuwa wauguzi na wahudumu, walikuwa wanaona aibu makoti yao yakinuka dagaa kazini, basi akawatafutia feni ambayo haiachi harufu hata chembe. Na kwa ajili ya baridi akawapigilia nailoni madirisha yote. Na kwa ajili ya sare zao akawawekea mashine ya kukausha nguo kule chini, inayopuliza hewa nje.

Mnaona alichofanya? Kila kitu alikifanya kwa upendo. Feni inatoa hewa, mashine ya nguo inatoa hewa, na nyumba imezibwa kila upande. Hewa ya kujaza nafasi ile lazima itoke mahali, na mahali pekee palipobaki wazi ni dohani. Badala ya moshi kupanda, unashushwa. Moto nao unakosa hewa safi, unaanza kutoa sumu. Na sumu inatokea ubavuni mwa kitanda cha mtoto. Lakini inatokea Jumamosi tu, nyumba ikiwa imejaa na jiko linanguruma, na hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kuja siku hiyo.

Niliwaeleza yote hayo, nikaomba nijaribu kuwasha feni pale pale. Mzee uso ukabadilika. Alisema nimekuja na mashine yangu, mashine imesema sifuri, sasa natafuta ugonjwa kwa mtu asiyeumwa. Amekaguliwa mara mbili na inatosha. Nikamgeukia Wanjiku aseme juu ya mtoto. Wanjiku akatazama vijiko vyake, akasema hakuna shida, mtoto ni mafua tu.

Nilikasirika jamani. Alinisindikiza hadi nje na hapo ndipo aliposema yaliyokuwa moyoni.

"Auntie, huyo mzee ndiye alinitoa airport. Alinipea room kama sina kazi, na mtoto mkononi. Sasa nitasimama mbele ya watu nimwambie nyumba yake inaumiza mtoto wangu? Nitaanzia wapi?"

Ningeweza kuita wakaguzi, na siku mbili tatu nilifikiria hivyo. Lakini wakaguzi nao wangekuja siku ya kazi mchana, nyumba kimya, wakakuta sifuri. Nilimpigia simu Otis, wakati huo ameshastaafu, nikamweleza. Akauliza swali moja tu: Jumamosi hiyo wanapika?

Wanapika. Kijana mmoja kutoka Mwanza alikuwa ametua Alhamisi.

Sasa sikilizeni. Mzee Mwaipopo angeweza kumkataa fundi mlangoni. Mgeni wa karamu asingeweza kumkataa. Karamu zile hazikuwa na kadi, na mtu aliyewapokea watu wote hao hawezi kumrudisha mama mtu mzima aliyekuja na sufuria. Jumamosi nilivaa dera langu zuri, nikapika samaki wa kupaka, nikaifunga sufuria kwa kanga, na chini yake, kwenye kapu, nikaweka mashine ya kupimia, kengele mpya na udi. Alifungua mlango, akaniona, akaliona kapu, akajua. Tulitazamana kidogo. Kisha akasema karibu, kwa sababu hakuwa na neno jingine la kusema mlangoni.

Ndani, masufuria yote yalikuwa motoni, feni inanguruma, watu wanaongea kwa kupaza sauti. Nikauliza koti niweke wapi. Chini, wakasema. Nikamwomba Mzee anisindikize kwa kuwa ngazi sizijui vizuri, uongo mtupu, na yeye kwa adabu yake akatangulia. Mashine ya nguo ilikuwa inazunguka. Makoti yamerundikwa kitandani kwa Kamau, na Kamau amelala katikati yake, mchana kweupe, karamu inaendelea juu na watoto wenzake wanakimbizana ngazini.

Mashine yangu ilianza kulia kabla sijaitoa vizuri kwenye kapu. Nilimwita Wanjiku kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alishuka, akamnyanyua mtoto, akamtoa nje. Hapo ningeweza kuifunga gesi mwenyewe, na sekunde chache tu zilinitenganisha na valvu. Lakini nilijua nikifunga mimi, kesho Mzee ataifungua. Nikawasha udi, nikamkabidhi kijiti.

Akakisogeza kwenye kofia ya bati. Moshi ulipaswa kupanda. Ukashuka. Ukamwagika juu ya mkono wake, ukamrudia usoni, ukaenda zake kuelekea kitandani. Aliuangalia mpaka ulipofika kwenye mto wa mtoto. Akaweka udi chini, akashika mkono wa valvu, akaukatiza bomba kwa mkono wake mwenyewe.

Alipanda ngazi haraka kuliko umri wake. Alizima jiko na muziki, akasimama katikati ya sebule.

"Nyumba hii ni yangu, na kosa lake ni langu," alisema. "Acheni kila kitu. Hata makoti yaacheni huko chini, tutoke wote, sasa hivi."

Mtu mmoja alitaka kuokoa pilau, akapewa jicho. Nje kulikuwa na theluji. Nilikuwa nimeshapiga simu, gari la zimamoto likaja, wahudumu wakamvisha Kamau kinyago cha oksijeni kwenye mapaja ya mama yake. Watu wazima kadhaa nao walipimwa, na wawili wakapelekwa hospitali pamoja na mtoto kwa uangalizi. Kijana wa Mwanza, amevaa viatu vya wazi na blanketi, aliniuliza kwa upole kama karamu za huku huwa zinamalizikia barabarani. Jioni ile ile simu ikaja kutoka hospitali kwamba wote wako salama, na nyumba ya Mzee Mwaipopo ya Columbia, aliyokuwa akiishi na mkewe, ikajaa wapangaji mpaka kwenye kochi. Walikaa huko hadi kazi ilipokwisha. Hakuna aliyeombwa kurudi mapema.

Kazi tuliifanya sawasawa. Tulifungua tundu, tukaleta hewa kutoka nje kwa bomba lake, tukaondoa tangi la zamani na kuweka linalosukuma moshi wake lenyewe, tukasafisha dohani, tukapunguza feni. Kengele zikawekwa kila ghorofa, na wapangaji wakaambiwa zinalia kwa sababu gani. Siku ya kujaribu Mzee alichagua mwenyewe, Jumamosi. Aliwaita wapangaji wote, akaweka mafuta na vitunguu motoni, akashuka chini na kijiti cha udi.

"Washa vyote, Bi Zuhura," aliniambia.

Nikawasha vyote. Feni, mashine ya nguo, mtambo wa joto, hadi feni ya bafuni. Tukangoja, tukangoja tena. Pale tundu lilipokuwa limezibwa hewa safi ilikuwa inaingia, moshi wa udi ulipanda na kutoweka bombani, na mashine ikabaki sifuri. Mzee Mwaipopo alirusha kofia yake ya manyoya, ikagonga dari la chini ikamrudia kichwani, na juu tukasikia watu wanapiga vigelegele. Wanangu, nimefanya kazi nyingi, lakini siku hiyo nilijiona nimeshinda dunia.

Baada ya hapo alinisumbua. Nyumba zake nyingine, za Beltsville, alitaka nizikague kila vuli kabla baridi haijaanza, na kila moja siku wapangaji wanapopika. Wenye nyumba wenzake aliwasakama misikitini na makanisani, hadi wakawa wananipigia simu wenyewe ili awaache. Mpangaji mpya akikabidhiwa ufunguo, anashushwa kwanza chini kuonyeshwa valvu. Na alimwambia kila mmoja wao, mbele yangu, kwamba akiona kitu kibaya asimwonee aibu, kwa sababu kumpokea mtu uwanja wa ndege hakumfungi mdomo. Hiyo ndiyo kazi ninayowaomba muifanye ninyi. Waulizeni watu wenu wanaishije. Muwape nafasi ya kuwajibu bila hofu.

Wanjiku na Kamau walirudi kwenye vyumba vyao Jumamosi ile ile ya majaribio, wakala pilau, wakalala. Mimi sikulala vizuri, nawaambia ukweli, pamoja na ushindi wote ule. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia, ni Wanjiku.

"Auntie," alisema, sauti imejaa usingizi, "huyu mtoto ameamka kabla ya mimi. Anaruka kwa kitanda. Ananiambia kwa Kizungu ati ana njaa na nimechelewa. Sasa mimi nifanye nini na yeye?"

Nilikaa sakafuni palepale nilipokuwa, nikacheka huku nalia, nikamwambia ampikie chapati.